Jicho lenye pazia: Kamera tuliyoiunda wenyewe Kachibora

Mwezi wa Novemba, Kachibora hulala usingizi wa mang'amung'amu. Mahindi yameshavunwa, yamepukuchuliwa kwa mashine, yameanikwa juu ya turubai, na sasa yamejazwa katika magunia ya kilo 90 yakisubiri bei ipande. Jasho la mwaka mzima, tangu kulima, kupanda mvua za masika zinapoanza, kupalilia na kutia mbolea, limekusanyika katika chumba kimoja cha mabati chenye kufuli moja. Ndiyo maana mjomba wangu, mkulima wa huku mashariki ya Kitale, chini ya milima ya Cherangany, alizoea kuhamisha godoro lake kila msimu na kulala ghalani, tochi upande huu na rungu upande ule.

Alfajiri moja alitoka kwenda kukamua ng'ombe. Aliporudi, magunia mawili hayakuwepo. Hakupigwa wala kutishwa. Walimsubiri tu aondoke.

"Mpwa wangu," aliniambia kwa simu, "hao watu wanaijua saa yangu kuliko ninavyoijua mimi."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Mlinzi wa kibinadamu ana ratiba, na ratiba husomwa na kila mpita njia. Mjomba alihitaji jicho lisilokwenda kukamua. Angeweza kuajiri askari wa usiku, lakini mshahara wa kila mwezi ungekula faida ya mahindi yenyewe. Angeweza kununua kamera za dukani pamoja na mashine yake ya kurekodia, lakini seti ya namna hiyo hutaka stima isiyokatika, na nyingi hutuma picha kwenye seva za mbali zisizojulikana ni za nani. Njia ya tatu ilikuwa kuunda kamera wenyewe, kwa kompyuta ndogo ya bodi moja. Ndiyo tuliyoifuata, na makala haya yanaeleza tulivyofanya, tulipokwama, na jambo moja ambalo hakuna fundi aliyeniambia: kazi ngumu zaidi ya kamera ni kuamua isione nini.

Muuguzi wa Queens, mchungaji wa Kitengela

Wengi hudhani kamera za ulinzi zilibuniwa na makampuni makubwa au majeshi. Ile ya kulinda nyumba ilibuniwa na muuguzi. Marie Van Brittan Brown aliishi Queens, jijini New York, katika mtaa uliokuwa na uhalifu mwingi. Zamu zake za kazi na za mumewe Albert, fundi wa elektroniki, hazikulingana, kwa hiyo usiku mara nyingi alikuwa peke yake, na polisi wakiitwa walichelewa kufika. Mwaka 1966 wawili hao waliomba hataza ya mtambo wao, wakapewa Desemba 2, 1969. Mlango wao ulikuwa na matundu manne ya kuchungulia, kila moja kimo chake. Kamera ilipanda na kushuka nyuma ya matundu hayo, na picha ikaonekana kwenye televisheni chumbani. Palikuwa na swichi ya kufungua mlango kutoka mbali, na nyingine ya kuomba msaada.

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali. Richard Turere, mtoto wa Kimaasai aliyekulia Kitengela pembeni ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alikuwa na umri wa miaka 11 alipobuni taa za kuwafukuza simba waliokuwa wakila ng'ombe wa baba yake. Aligundua kwamba simba hawaogopi taa iliyotulia. Wanaogopa taa inayotembea. Akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha kuwashia taa za ishara za pikipiki na balbu za tochi mbovu, akazipanga ziwake na kuzimika kwa zamu, simba wakadhani kuna mtu anayezunguka boma. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED nchini Marekani akaueleza ulimwengu.

Brown na Turere hawakujuana, lakini walianza kutoka mahali pamoja: hofu ya usiku, na ujuzi wa kina wa adui wa nyumba yao. Hakuna kiwanda kinachoweza kumjua mwizi wa boma lako kama wewe unavyomjua.

Bodi ya vidole viwili

Kompyuta tuliyoitumia ni ya ukoo wa Raspberry Pi. Bodi hizi zilizaliwa Cambridge, Uingereza, pale Eben Upton na wenzake walipoona wanafunzi wanaofika chuo kikuu hawajui tena kuandika programu. Walitaka kifaa rahisi ambacho mtoto angeweza kukiharibu bila mzazi kulia. Ya kwanza ilitoka Februari 29, 2012, kwa bei ya dola 35. Mwaka 2015 ikatoka ndogo zaidi, Zero, ya dola 5. Tuliyoichagua sisi ni Zero 2 W, iliyozinduliwa mwaka 2021 kwa dola 15: urefu wa milimita 65, upana wa milimita 30, yaani vidole viwili vya mtu mzima, na ina waifai ndani yake. Bei hizo ni za uzinduzi. Usafiri na ushuru huziongeza kabla bodi haijafika Kitale.

Bodi hizi hizi zimeshafanya kazi ya ulinzi nchini Kenya katika jambo kubwa kuliko mahindi. Zoological Society of London ilizitumia ndani ya kamera zilizofichwa porini, zikituma picha kwa setilaiti ili kuwasaidia askari wa wanyamapori dhidi ya majangili. Kinachoweza kumlinda kifaru kinaweza kulilinda gunia.

Kamera yenyewe ni kipande kidogo chenye utepe unaochomekwa kwenye bodi. Tulichukua ile isiyo na kichujio cha infraredi. Kamera ya kawaida huwekewa kichujio hicho ili rangi za mchana zionekane sawasawa, lakini usiku huwa kipofu. Isiyo nacho huonyesha majani ya mchana kwa rangi ya zambarau, ila ukiiwashia taa ya infraredi, ambayo jicho la binadamu halioni isipokuwa wekundu hafifu, inakuonyesha uwanja wote kama mbalamwezi imetoka.

Nyumba ya kamera tulitengeneza kwa kiboksi cha plastiki cha mafundi wa stima, kile kisichoingiza maji, tukatoboa tundu la lenzi, tukaliziba kwa kioo na silikoni. Ndani tuliweka vile vifuko vya chembechembe vinavyonyonya unyevu, tulivyovitoa kwenye makasha ya viatu. Kiboksi kilitundikwa chini ya upenu, si juu ya bati, kwa sababu bati la saa saba mchana lingeipika bodi.

Hesabu ya stima na hesabu ya bando

Kamera inayozimika stima ikikatika ni zawadi kwa mwizi. Kwa hiyo tulianza na sola, na hesabu yake si ngumu. Bodi na kamera hutumia kama wati 2, na kwa saa 24 hiyo ni watisaa 48. Taa yetu ya infraredi hutumia wati 3 kwa saa 12 za giza, yaani watisaa 36. Jumla ni 84 kwa siku. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina watisaa 240, lakini betri ya asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo tunayo 120. Paneli ya wati 50 ikipata saa nne za jua zuri huleta 200. Inatosha, na inabaki akiba ya siku moja ya mawingu. Julai na Agosti, ukungu unaposhuka kutoka Cherangany na kukaa, akiba hiyo hujaribiwa, na wiki hizo mjomba huizima taa usiku wa mbalamwezi.

Hesabu ya pili ndiyo inayowashtua watu. Video ya kawaida ya megabiti 2 kwa sekunde, ikirushwa bila kukoma, hula gigabaiti 21.6 kwa siku. Hakuna mkulima atakayelinunua bando hilo. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 32 nayo ingejaa kwa siku moja na nusu. Dawa yake ni kuifundisha kamera kunyamaza. Tuliweka programu ya bure inayoitwa Motion, ambayo hulinganisha picha moja na iliyoitangulia. Vidoa vya picha vilivyobadilika vikizidi kiwango ulichoweka, inarekodi. Visipozidi, inaendelea kutazama kimya. Kinachotumwa kwa simu ni picha moja moja za kilobaiti 100 hivi. Picha 200 kwa siku ni megabaiti 20 tu.

Kulikuwa na fundo la mtandao pia. Kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo ukiwa Kitale huwezi kuipigia hodi kamera iliyoko Kachibora. Hodi yako haifiki mlangoni. Watu wengi hukata tamaa hapa. Suluhisho ni kugeuza safari: kamera ndiyo itoke kukutafuta wewe. Inatuma picha yenyewe kwa ujumbe, na kwa siku tunapotaka kuichungulia moja kwa moja, tunatumia njia ya siri iliyofungwa kwa programu ya WireGuard, ambayo kamera ndiyo inayoifungua kutoka ndani.

Tulipokwama

Usiku wa kwanza nilipokea picha mia tatu na zaidi. Zote zilikuwa za majani ya mgomba yakicheza na upepo. Usiku wa pili ulikuwa wa wadudu: nondo wakipita karibu na lenzi hung'aa kwa taa ya infraredi kama nyota zinazoanguka, na wiki moja baadaye buibui akajenga mbele ya kioo. Tulijifunza kuiweka taa mbali na kamera, hatua mbili hivi, ili wadudu waifuate taa na kuliacha jicho. Nao mgomba tukaufunika kwa alama ndani ya programu, kamera isihesabu chochote kinachocheza pale.

Kisha nikatumia maelekezo ya zamani ya kuunganisha kamera, nikapoteza siku mbili. Mwishoni mwa mwaka 2021 mfumo wa bodi hizi ulibadili namna unavyozungumza na kamera, na maelekezo mengi ya kabla ya hapo hayafanyi kazi tena. Anayeanza leo na aangalie tarehe kabla ya kunakili amri yoyote.

Kasoro iliyonifundisha zaidi ni ya saa. Bodi hii haina betri ya kukumbuka wakati. Ikizimika na kuwaka bila intaneti, huendelea kuhesabu kutoka pale ilipokumbuka mara ya mwisho. Tulipata picha za mchana zilizoandikwa saa tisa usiku. Unaweza kuona ni jambo dogo, mpaka siku utakapoipeleka picha mbele ya hakimu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 78A, inakubali ushahidi wa kidijitali, lakini mahakama hupima jinsi ulivyotunzwa, na kifungu cha 106B kinataka hati ya kuthibitisha kifaa kilichoutoa na namna kilivyofanya kazi. Saa ya uongo huiangusha picha ya kweli. Tuliongeza kipande kidogo cha saa chenye betri ya mviringo kama ya saa ya mkononi, na mjomba ana daftari anamoandika kila siku kamera ilipozimwa na kuwashwa.

Mlango wa nyuma

Mtu anayeweka kamera kwenye mtandao amefungua dirisha, na dirisha hutazamika pande zote mbili. Oktoba 2016, huduma kubwa za intaneti Marekani, zikiwemo Twitter na Netflix, ziliyumba kwa saa kadhaa. Waliosababisha hilo walitumia jeshi la vifaa vya nyumbani, vikiwemo kamera za ulinzi, vilivyotekwa na programu hasidi iliyoitwa Mirai. Mirai haikuhitaji uchawi. Ilijaribu tu orodha ya majina na nywila sitini hivi za kiwandani, zile ambazo wenye kamera hawakuzibadilisha. Hata bodi zetu hazikuwa salama: hadi Aprili 2022 mfumo rasmi wa Raspberry Pi ulikuja na mtumiaji "pi" na nywila "raspberry". Sasa mfumo unakulazimisha kuweka zako. Weka ndefu, na usiiandike ukutani ghalani.

Hatari nyingine haivunji mlango, kwa kuwa imo ndani tayari. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani iliishtaki kampuni ya kamera za nyumbani ya Ring, ikisema wafanyakazi waliachwa watazame video za faragha za wateja, zikiwemo za wanawake vyumbani mwao. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Hilo lilinithibitishia kwa nini tulijisumbua. Picha za ghala la mjomba hukaa katika kadi iliyo bomani kwa mjomba. Zinazotoka ni zile zinazotumwa kwenye simu yangu, na baada ya siku 14 kadi hujifuta.

Hodi ya Mama jirani

Kamera ilipokuwa na wiki mbili, Mama jirani alikuja. Alikataa chai kwanza, nikajua lipo jambo.

"Kijana wangu," alisema, "lile jicho linanitazama nikitoka kuoga?"

Niliona haya. Kamera ilielekea mlango wa ghala, lakini nyuma ya ghala upo ua wa michongoma, na juu ya ua mlango wake wa nyuma na bafu la mabati vilionekana kabisa. Mimi nilikuwa nimeziangalia picha mamia, nikahesabu wadudu na majani ya mgomba, lakini sikuwahi kuuona mlango wake. Yeye, ambaye hajawahi kushika bodi ile, ndiye aliyeona kosa kubwa kuliko yote.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Macho ya binadamu ni kweli hayana, lakini binadamu ana aibu, hugeuza uso. Kamera haina aibu. Anayepaswa kuwa na aibu kwa niaba yake ni mwenye kuitundika.

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, Mama jirani akiwemo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamwacha huru mtu anayeshughulikia data kwa mambo ya nyumbani kwake tu, lakini nyumbani kwako huishia wapi? Swali hilo liliulizwa Ulaya. František Ryneš wa Jamhuri ya Cheki alikuwa akivunjiwa madirisha, akatundika kamera chini ya upenu wake kama sisi. Ilinasa barabara na mlango wa nyumba ya ng'ambo. Mwaka 2007 dirisha lilivunjwa kwa manati, kamera ikawapata washukiwa, na mmoja wao akahoji uhalali wa kamera yenyewe. Desemba 11, 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera inayotazama barabara ya watu si shughuli ya nyumbani tu, ingawa haja ya mtu kulinda mali na familia yake nayo ni ya kupimwa. Hukumu hiyo haizifungi mahakama za Kenya, lakini hekima yake inaeleweka hata Kachibora: ua ukiisha, uhuru wa jicho lako umeisha.

Nilimwita Mama ndani, nikafungua kompyuta, tukaitazama picha pamoja. Motion ina uwezo wa kufunika sehemu ya picha kwa weusi kabla haijarekodiwa, si baada yake. Kilicho chini ya weusi huo hakihifadhiwi popote, hata mimi mwenyewe siwezi kukirudisha. Nilimpa kipanya. Alianzia kona ya ua, akapita juu ya bafu, akateremka mlangoni, akaongeza kidogo kwa usalama. Kisha akanywa chai.

Hiyo ndiyo faida ya kamera ya kujitengenezea ambayo sikuifikiria nilipoanza. Unafuu wa bei unategemea ulivyopata vifaa, na si kila mara unapatikana. Lakini kwa kuwa kila kipande tulikifunga kwa mikono yetu, niliweza kumwonyesha jirani picha inapoanzia, inapokaa na inapofutwa, na kumwachia yeye achore mpaka.

Saa nane usiku

Usiku mmoja wa Januari, saa nane na dakika chache, simu yangu ililia nikiwa Kitale. Picha ya kwanza: mtu ameinama kwenye kufuli. Ya pili: wawili. Walikuwa wamejifunika, sura hazikuonekana. Nilimpigia mjomba, simu yake ilikuwa imezimika chaji. Nikampigia Mama jirani.

Alipokea mara moja. Sikuwa nimemaliza sentensi niliposikia akipiga kelele, wanawe wakitoka na tochi, mbwa wakiitikia boma kwa boma mpaka ng'ambo ya mto. Picha ya mwisho ilionyesha uwanja mtupu na kufuli iliyokwaruzwa. Hakuna gunia lililotoka.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Kamera ilitupa dakika moja. Lakini dakika ile ingekuwa bure kama huyo mama asingepokea simu, na sijui kama angeamka saa nane usiku kumfaa mtu ambaye jicho lake lilikuwa likimchungulia bafuni.

Nilipokwenda Kachibora Jumapili iliyofuata, nilifuta vumbi kwenye lenzi, nikalinganisha saa, na mjomba akaandika katika daftari lake. Mama jirani alikuja, akaomba tufungue ile picha tena. Amejenga banda la kuku karibu na michongoma, na anahofia wezi pia. Nikampa kipanya. Akalifunua pazia upande ule wa banda tu, mlango na bafu akaviacha gizani, akatazama mara mbili kuhakikisha, kisha akasema, "Hapo sawa. Hapo litutazamie sote."